Makopo Yaje Matupu

Hastings, Nebraska
12 Februari 1995

Baba mpendwa,

Sisi wazima, isipokuwa pua. Pua zote za nyumba hii zinatiririka, kuanzia ya Krista mpaka ya somo yako. Huyo somo yako sasa ana miezi mitatu na kidevu chako kabisa. Na hasira zako pia: akicheleweshewa ziwa anaikazia macho dari, kama wewe ulivyokuwa ukiyakazia macho mawingu wakati wa mavuno. Joel anasema yeye akikua atakuwa treni. Si dereva wa treni, treni yenyewe. Curtis wangu bado yuko na kikosi cha kutengeneza reli, siku hizi wako kaskazini huko. Anarudi kila Jumamosi ya pili, anakula, analala, anaondoka. Kwa hiyo ukiona barua hii ina madoa, ujue nimeiandika huku nimempakata mtoto na mwingine amenishika mguu.

Jambo lenyewe ningekuambia kwa simu, lakini wewe na simu hamuelewani. Mara ya mwisho uliuliza "Nani?" mpaka ukakata.

Tumenunua gari, Suburban. Ya kijani, ilikuwa ya mwalimu wa bendi ya shule, ndani bado inanuka mafuta ya tarumbeta. Ni ndefu kama kanisa. Curtis alilala chini yake nusu saa, akatoka akisema hii inaweza kuvuta na kanisa lenyewe, waumini wakiwa ndani.

Sasa nisikilize. Mwaka jana, Siku ya Kumbukumbu, hukuja. Mimi na ndugu yangu Leon tulimpelekea Mama maua kaburini bila wewe, ukasema gari lako lina hitilafu. Mwaka huu sitaki habari za gari lako. Mwisho wa Mei nitafunga tela letu la kulala nyuma ya Suburban, nitawapakia watoto, nitakuja mpaka kwa baba mdogo Stanley nikuchukue. Turudi wote kupitia makaburini kule nje ya Sidney, tulale ndani ya tela kama zamani, kisha uje ukae kwetu. Mtoto ana jina lako na hajawahi kukuona.

Tela liko pale pale ulipoliacha, kando ya ghala. Niambie tu nianzie wapi.

Mwanao,
Renata


Saratoga, Wyoming
3 Machi 1995

Mwanangu Renata,

Barua yako imefika na madoa yake. Mwambie Joel treni ni kazi nzuri, ila haina likizo.

Huku tunazalisha ng'ombe. Stanley hajavua buti tangu Jumatano. Theluji imekuja mpaka dirishani, imeondoka, imerudi. Mama mdogo wako Opal ananilisha kama ndama asiye na mama. Usiutazame mwandiko wangu, meza ya Opal ina mguu mmoja mfupi.

Habari ya tela: liuze. Merle Hruska amelitaka tangu mama yako yu hai. Atalitunza.

Na anayesema gari linaweza kuvuta kanisa, mwambie alivute, halafu alisimamishe. Kuvuta si kazi. Kazi ni kusimama, na kwenda sawa wakati upepo unataka uende kwingine. Suburban ni gari zuri, zito na refu, sina neno nalo. Lakini njia ya huku unaijua. Chini ya Elk Mountain nimeona malori yamelala ubavu kama ng'ombe waliovimbiwa na majani mabichi. Wewe una watoto watatu ndani.

Tena Mei siwezi kuja. Stanley ananihitaji.

Mbusu somo yangu kwenye kidevu.

Baba yako


Hastings
20 Machi 1995

Baba mpendwa,

Pua zimepona, sasa ni masikio. Joel alilia wiki nzima. Krista ameng'oka jino la mbele na amelitia kwenye bahasha hii. Anasema ni lako, ulilipie.

Baba mdogo Stanley ana vijana watatu wenye mabega kama milango. Sijui wewe ndiye unayemshikia ng'ombe gani mwezi wa Mei.

Tela siuzi. Mapazia yake alishona Mama. Merle Hruska atayang'oa siku ya kwanza.

Leon ulimfundisha kuvuta tela akiwa na miaka kumi na minne. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma na Mama, tukikupungia mikono uingie kwenye nafasi yetu kule ziwani, huku kambi nzima imekaa kwenye viti na bia zao inatutazama kama sinema. Mama anasema kushoto, wewe unauliza kushoto kwa nani. Mnagombana mpaka tela linaingia lenyewe. Hayo yote nayakumbuka. Lakini kinachofanyika kule mbele kwenye usukani hakuna aliyenionyesha, na nilikuwa pale pale, nina macho na mikono.

Nimelisafisha. Panya walikuwa wamejenga kwenye kabati la sahani, nimewahamisha. Curtis amefunga kile kijisanduku cha breki za tela chini ya dashibodi, na amenunua vile vyuma viwili vya kusawazisha, ila hajui viwekwe kwa nguvu kiasi gani.

Mimi sina nguvu za kubishana nawe, Baba, silali. Kwa hiyo nasema mara moja tu. Nitakuja. Nikija na mafundisho yako nitakuja vizuri, nikija bila mafundisho yako nitakuja hivyo hivyo. Wewe chagua watoto wako waje kwa namna gani.

Renata


Saratoga
8 Aprili 1995

Mwanangu Renata,

Anayeandika ni mama mdogo wako Opal, mimi nasema tu. Nimejiumiza kidole kwenye lango la ng'ombe. Si kitu. Jino nimelipokea, malipo yamo ndani ya bahasha, asinunulie pipi yote.

Umekuwa mkaidi kama mama yako. Haya, sikiliza.

Anza na matairi. Usitazame meno yake, tazama umri. Tairi la tela halichakai kwa kutembea, linazeeka kwa kusimama. Likiwa na nyufa pembeni, nunua jingine, na ulijaze upepo asubuhi kabla jua halijaligusa.

Ukisharudisha gari na shingo ya tela imekaa juu ya lile tufe la chuma, funga kufuli, halafu usiamini. Nyanyua ile jeki ya mbele kidogo. Makalio ya gari yakipanda pamoja na shingo, wameshikana kweli. Shingo ikipanda peke yake, umeokoka hapo hapo uwanjani. Kisha vile vyuma vya kusawazisha: kazi yake ni kuchukua uzito ulioangukia nyuma ya gari na kuurudisha mbele. Pima pua ya gari kabla ya kufunga, pima baada ya kufunga. Gari likiwa limeinua pua kama farasi anayekataa hatamu, magurudumu ya mbele hayana uzito, na usukani utakuwa unazungusha hewa. Kaza vyuma mpaka pua irudi.

(Mimi Opal nasema hivi: anaonyesha kwa mikono. Nimemwambia siwezi kuandika mikono.)

Minyororo ipite chini ya shingo, wa kushoto uende kulia, wa kulia uende kushoto, ili shingo ikianguka iangukie humo kama kitandani na si barabarani. Ule waya mwembamba wa dharura ufunge kwenye gari lenyewe. Halafu, kabla ya kutoka kwenye lango, ukiwa unatembea mwendo wa mtu, sukuma kile kijiti cha breki ya tela, kilicho kwenye kijisanduku cha Curtis, kwa mkono, bila kugusa breki ya mguu. Tela likushike kwa nyuma kama mtoto anayevuta sketi. Lisipokushika, rudi nyumbani.

Uzito uwe mbele ya magurudumu ya tela. Shingo ibebe kama watu wawili wanene na mbwa wao. Mkia uwe mwepesi. Barabarani usipite maili hamsini na tano kwa saa, hata wakikupigia honi. Na kabla ya safari, jaribu ukiwa umepakia kila kitu utakachobeba siku ya safari, kila kitu, mpaka chumvi. Tela tupu halikufundishi.

La mwisho ni hili. Tela lililofungwa vizuri hulisikii. Unajua lipo kwa sababu unaliona kwenye kioo, basi. Siku ukilisikia mgongoni, simama utafute sababu.

Haya ni mafundisho. Sijasema nakuja.

Baba yako


Hastings
30 Aprili 1995

Baba mpendwa,

Nisamehe kukaa kimya. Kazi ni nyingi na Curtis hakuja wiki hizi. Kidole kimepona? Maua ya Mama, zile peoni, yamechipua, bado hayajatoa vichwa. Somo yako anakaa mwenyewe ukimwekea mto.

Mazoezi yanaendelea vizuri. Nilifanya kwenye uwanja wa kanisa, kurudi nyuma nimeweza, padre alitoka kutazama.

Kuna rafiki yangu mmoja hapa naye ana tela. Aliniuliza, eti tela likianza kupiga mkia, linakwenda kushoto na kulia na kulisukuma gari nalo, mtu afanye nini. Nikasema nitamuuliza Baba.

Wasalimie wote.

Renata


Saratoga
6 Mei 1995

Renata,

Opal anaandika. Salamu baadaye.

Rafiki gani. Marafiki zako wote nawajua, na hakuna mwenye tela.

Mwambie huyo rafiki hivi. Mkia ukianza, mguu utoke kwenye mafuta, taratibu. Asikanyage breki. Mwili mzima utamwambia akanyage, asikanyage, maana gari likisimama na tela linataka kwenda, tela litapita pembeni. Asipigane na usukani, aushike sawa tu. Mkono wa kulia ukakishike kile kijiti na kukisukuma pole pole, tela peke yake lifunge breki. Hapo litanyooka, kama kamba ukiivuta kwa nyuma. Likishanyooka, atoke barabarani, akae. Asiondoke mpaka ajue kwa nini.

Na sababu haiko barabarani. Iko kwenye tela, nyuma. Alipakia nini nyuma?

Watoto walikuwemo?

Jibu haraka.

Baba


Hastings
13 Mei 1995

Baba mpendwa,

Watoto wazima. Naanza na hilo. Mimi mzima, gari zima, tela zima.

Walikuwemo.

Nilifanya kama ulivyosema, nilipakia kila kitu mpaka chumvi. Jumamosi ya Pasaka nikatoka kuelekea Grand Island, nikitaka kufika na kurudi. Matairi mapya. Jeki niliinua, makalio yalipanda. Pua ya gari nilipima kwa futi ya fundi cherehani. Kijiti kilinishika sketi. Nilijisikia mkubwa, Baba. Nilisema moyoni kumbe ndiyo hii tu.

Upepo ulikuwa wa kusini, si mkali. Likaja lori kunipita. Lilipofika usawa wetu, tela likavutwa kidogo, likarudi, likapita pale lilipokuwa. Nikafikiri basi limekwisha. Likarudi tena, zaidi. Mara ya tatu nikaona kwenye kioo cha kushoto ubavu mzima wa tela, mpaka dirisha lenye mapazia ya Mama, kama mtu anayetaka kunipita. Nikakanyaga breki. Mwili mzima uliniambia. Tukazungukwa na majani, tukateleza kwenye uwanja ulio kati ya barabara ya kwenda na ya kurudi, tukasimama tukiwa tumetazama tulikotoka. Joel akacheka, akasema, "Tena!" Krista mpaka leo nikichukua funguo ananiangalia mkono.

Baba mmoja mkulima alisimama, akanisaidia kutoka. Akauliza kama mume wangu yuko karibu. Nikamwambia hayuko, na kwamba tela naligeuza mwenyewe. Nikaligeuza, nikarudi nyumbani mwendo wa trekta. Tangu siku hiyo sijaligusa, ndiyo maana ya kimya changu.

Umeuliza nyuma kulikuwa na nini. Nilijiambia hakuna. Nguo, mablanketi. Mpaka barua yako ilipofika nikaenda kufungua kile kisanduku cha chini ya kitanda cha nyuma. Makopo ya kahawa ya makaburini, Baba. Yale makubwa, ya Mama, ya babu zetu wote na ya shangazi Zdenka, yote yamejaa kokoto hadi nusu, kama Mama alivyokuwa akiyajaza ili upepo usiangushe maua. Zamani yalipanda kwenye pikapu yako. Sasa nyuma ya Suburban kuna kiti cha mtoto na katoni za nepi, nikayatia huko nyuma ya tela bila kuwaza. Kichwani mwangu yale ni maua, sikuyahesabu kuwa ni mawe. Juu ya hayo nilijaza tangi la maji, nalo liko mkiani. Baiskeli ya Krista niliitundika nyuma kabisa.

Nimekuambia langu. Sasa la kwako. Barua ya Machi mistari ilipanda na kushuka kama mbuzi mlimani, na meza ya mama mdogo Opal naijua, ina miguu sawa. Aprili kidole, Mei bado kidole. Ulijiumiza kwenye lango gani ambalo umelifungua tangu utoto? Mwaka jana gari lako lilikuwa na hitilafu gani?

Sitauliza tena. Lakini siwezi kufunga tela mimi mwenyewe, nifiche mawe, na wewe ufiche ya kwako, halafu tutegemee kwenda sawa.

Nakupenda. Jibu.

Renata


Saratoga
19 Mei 1995

Mwanangu,

Nilimwambia Opal aandike, nikamwambia asiandike, nikamwambia aandike.

Gari halikuwa na hitilafu. Ni macho. Katikati pameondoka, pembeni naona. Nikimtazama Opal usoni naona masikio na nywele, uso hakuna. (Opal: nimemwambia hajapoteza kitu.) Daktari wa Laramie anasema hayatarudi, na hayatazima kabisa. Mwaka jana niliwasha gari nije kwa mama yako. Nikafika langoni, sikuliona lango. Nilimkabidhi Stanley funguo siku hiyo hiyo.

Sikukuambia kwa sababu ungekuja kunichukua. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyekaa mbele, nyie nyuma. Sikujua mtu anavutwaje.

Siku ile ya lori nimeiwaza kila saa. Hukukosa kufunga. Umefunga vizuri kuliko Leon. Ulikosa kupakia, na hata hilo ni kosa la mtu wa makaburi yetu. Sasa fanya hivi: tangi la maji liwe tupu, maji yapo kila mahali. Baiskeli ibaki. Na makopo yaje matupu. Kokoto zipo pale pale makaburini, njia nzima ni kokoto. Mama yako alikuwa akibeba mawe maili mia mbili kuyapeleka kwenye mawe, na mimi nikanyamaza kwa sababu pikapu ilikuwa na nguvu.

Kisha litoe tela tena, kabla hujaja. Krista akae mahali anapokiona kile kijiti, umwambie kazi yake.

Nikishakaa humo ndani sitakuamrisha. Upepo ukiwa mbaya wewe ndiye utakayesema.

Kofia yangu nzuri imepigwa brashi.

Baba


Hastings
11 Juni 1995

Baba mpendwa,

Tumefika salama kutoka kanisani na nyumba iko kimya kwa mara ya kwanza tangu uondoke na baba mdogo Stanley. Joel analala na ile kofia. Usiidai. Somo yako anakutafuta kwenye kile kiti cha jikoni, anakikuta kitupu, anakikazia macho kama dari.

Mama mdogo Opal, soma hii barua pole pole, tafadhali. Naandika yale ambayo Baba alikuwepo na hakuyaona.

Jumapili ile, tulipotoka kwenu, asubuhi ilikuwa shwari. Krista alikaa katikati ya kiti cha nyuma, macho kwenye kijiti. Wewe, Baba, ulikaa pembeni yangu umenyooka, mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha. Tulipokaribia Elk Mountain majani ya kando ya barabara yalikuwa yamelala chini yote, hakuna lililoinuka. Kwenye kile kituo cha malori bendera ilikuwa imenyooka kama ubao. Malori yalikuwa yameegeshwa yote, pua upande wa magharibi. Nikatoka barabarani. Hukuuliza kwa nini, ulisikia gari linavyopigwa na upepo.

Barabara haikuwa imefungwa, Baba. Hilo hukuliona. Wakati tumekaa pale, pikapu moja ilipita ikivuta tela kubwa kuliko letu, ikaendelea. Nililitazama mpaka likapotea. Nilifikiri, kama yeye anakwenda, na kesho ndiyo siku yenyewe, na Leon anatungoja kule na watu wote. Maua ya Mama yalikuwa kwenye sanduku la barafu, nimeyakata yangali vichwa vilivyofumba, nimeyafunga gazeti. Na wewe ukaanza kusema. Uliahidi hutaamrisha, na hukuamrisha. Ulisema tu kwa sauti ndogo kwamba tukienda pole pole sana, labda arobaini, tutafika kabla giza halijaingia, na mwaka jana hukufika.

Nikasema, "Baba, hapana."

Nikasema tena, nikakugeukia ingawa nilijua huuoni uso wangu. "Mama amekufa, na hawa wako hai. Leo hatuendi. Kesho pia tukiona hivi, hatuendi."

Nilidhani umekasirika. Taya lako lilikuwa linatembea. Hukuona kwamba mikono yangu yote miwili ilikuwa bado imeshika usukani, na gari limezimwa. Halafu ukasema, "Haya. Alinisubiri maisha yake yote nitoke shambani. Siku moja haitamuua." Krista akashangaa kwa nini tunacheka.

Tulilala pale siku zile mbili na madereva wa malori, tela linatikisika kama sahani kwenye maji. Ulimfundisha Joel kucheza karata kwa kuzigusa, na ukamwibia, na akajua. Siku ya Kumbukumbu yenyewe tulikula soseji na kabichi ya kopo, tukamwimbia Mama kutoka huko huko. Yule mwenye pikapu sikusikia habari zake. Natumaini alifika.

Jumanne bendera ililala kwenye mlingoti, tukaenda.

Sasa makaburini. Hakukuwa na mtu. Leon alikuwa ameondoka jana yake, amefungia karatasi kwenye lango akatuandikia kwamba sisi wote vichwa vigumu. Maua ya watu wengi yalikuwa yamepeperuka mpaka kwenye uzio, mekundu na meupe, kama nguo zilizoanguka kambani. Watoto walipiga magoti njiani wakajaza makopo kokoto kwa mikono. Peoni zilikuwa zimefunguka ndani ya barafu, zote, kubwa kama vichwa vya kabichi. Wewe uliliweka kopo la Mama mwenyewe. Ulipapasa jiwe, ukalipata jina lake kwa vidole, ukakaa hapo. Nikageuka kwa sababu niliona haikuwa yangu kuitazama.

Lakini kuna jambo moja nililiona na nataka ulijue. Ulikuwa umempakata somo yako. Na kwenye lile jiwe, upande wa pili wa jina la Mama, jina lako tayari limechongwa, na mwaka wa kuzaliwa, na nafasi tupu. Mtoto akanyoosha mkono, akaweka kiganja chake juu ya jina. Jina lake. Nilisimama pale na makopo mawili mikononi sijui nicheke au nilie. Nikaenda kujaza kokoto.

Sasa swali langu. Nilikuuliza kwenye ngazi, Stanley alipokuja kukuchukua, ukajifanya hukusikia. Kando ya ghala kuna umeme. Tela lina kitanda, jiko na mapazia, na mlango wake mwenyewe. Ungekuwa kwako, si kwangu. Ungekuja jikoni kula na kukosoa. Sitaki unijibu kwa heshima, wala kwa kuona haya kuvutwa. Nataka unijibu kama mtu aliyekaa mbele na mimi maili zile zote. Uliniamini au hukuniamini?

Renata


Saratoga
2 Agosti

RENATA

NAANDIKA MWENYEWE. OPAL YUKO BUSTANINI. HERUFI KUBWA NDIZO NINAZOZIONA KWA PEMBENI.

NIMECHELEWA KUJIBU KWA SABABU KARATASI ZIMEHARIBIKA NYINGI.

KUTOKA KITUO KILE CHA MALORI MPAKA KWA MAMA YAKO NILIKAA NIMEKAZA MGONGO. NILIKUWA NANGOJA NILISIKIE TELA. KWENYE MITEREMKO NILINGOJA. LORI LIKITUPITA NILINGOJA.

NJOO UNICHUKUE SEPTEMBA KABLA UPEPO HAUJAANZA.

SIKULISIKIA.

BABA